Ichezwe Wapi

Mlolongo,
12 Januari 2025

Mama,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe na Mzee Urbanus mko wazima, na kwamba mvua ya Disemba iliwaachia kitu shambani. Sisi hatujambo. Wendy amekuwa mrefu, sketi ya mwaka jana imepanda juu ya magoti. Vumbi la machimbo linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na malori yananguruma kwenye mizani kutwa nzima, lakini tumezoea.

Najua barua hii itakushangaza. Tangu tulipomzika Ndunda, Septemba ile ya 2022, mimi na wewe hatujasemezana. Nimepiga simu, hukushika. Sitajifanya sijui sababu. Nilicheza kaburini kwa mume wangu. Ukaagiza wanawake wanishike mikono, wakanifungia jikoni, na udongo ukatupwa mimi nikiwa ndani. Nilirudi Mlolongo na hasira yangu, na nadhani ulibaki na yako.

Leo nakuandikia kwa ajili ya mtoto. Shule yao itaingia mashindano ya ngoma ya kaunti. Mwalimu Mutunga anataka ngoma ya Wakamba, na kwa vile anajua mimi ndiye ninayefundisha dansi pale ukumbini, na niko na kikundi cha vijana wanaocheza kwa harusi, ameniomba nisaidie. Sasa Wendy akainua mkono darasani: "Tucheze kilumi. Susu yangu, mama ya baba, alikuwa anapiga ngoma ya kilumi." Nilidhani anatunga. Anasema aliambiwa na baba yake.

Mama, mimi ni mtu wa Kakamega. Isukuti, ngoma ya kwetu, ninayo mwilini. Kilumi siijui. Nimetazama video kwenye simu na kila moja inasema lake. Nisaidie.

Erastus wa pikapu ya mboga ndiye anakuletea hii. Hupita Kola kila Jumanne, unaweza kumpa jibu.

Mkaza mwanao,
Emily


Kola,
2 Februari 2025

Emily,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua nimepata. Sisi ni wazima kiasi. Mzee anasumbuliwa na magoti. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, tumeokolewa na mbaazi. Msalimie Wendy.

Kwanza, simu. Sikushika kwa sababu sisikii. Masikio yalianza kuvuma baada ya mazishi, yakavuma, yakaziba. Daktari wa Machakos alisema nizoee. Simu ikilia naona taa tu. Kwa hivyo hukukosea kuandika.

Pili, kilumi hapana. Si ya watoto, na si ya kushindania kikombe. Ilikuwa ya wanawake wazima, mtu akiwa mgonjwa ama mvua ikikataa, na kuna mambo ndani yake ambayo mtu aliyebatizwa hagusi. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama hapa kanisani. Mwambie mwalimu achukue mbeni. Hiyo ni ngoma ya vijana, iko na firimbi na kuruka, majaji watafurahi.

Tatu, umetaja mazishi. Mimi sikutaka kuyataja. Nilikuwa namzika mtoto wangu, na mke wake anarusha miguu kama mtu aliye harusini. Kola bado wanaongea. Ulitaka nifanye nini?

Mama mkwe wako,
Munyiva


Mlolongo,
9 Februari 2025

Mama,

Habari za huko. Pole sana kwa masikio. Kama ningejua, ningeandika mapema. Miaka hii yote nilidhani unaiangalia simu ikilia na kusema, huyo tena.

Umeandika "harusini". Kwetu mwanamume akifa anasindikizwa na ngoma. Ngoma zikinyamaza, watu huuliza huyu alikuwa amekosea nani. Baba yangu tulimcheza kutoka kwa geti mpaka kaburini. Siku ya Ndunda sikuwa na ndugu wala mpiga ngoma, nilikuwa na miguu tu. Sikupanga. Ilianza yenyewe.

Hata sasa haitulii. Asubuhi nikipanga foleni ya maji, kisigino kinapiga chini. Jioni wanawake wa viwandani wanakuja ukumbini wakiwa wamechoka hadi macho, wengine Wakisii, wengine Wajaluo, wengine Wakamba wenzako, na nusu saa baadaye wanacheka kama watoto. Mambo ya ngoma wanayojua ni ya kwenye simu. Nikimuuliza Mkamba, "Nyinyi mnachezaje kwenu?" ananiangalia kama nimemuuliza jina la babu wa babu yake.

Na kuna hoteli moja hapa Barabara ya Mombasa inataka kikundi changu kila wikendi. Meneja anasema anataka "ngoma ya Kiafrika". Nikamuuliza ya wapi. Akasema yoyote, bora iko na ngozi za chui. Kuna kijana wangu anaitwa Antony, anaruka hadi kichwa kinakaribia dari. Amefurahi. Mimi sijui.

Mutunga anasema tutajaribu kilumi kwa video. Wendy hataki mbeni.

Mama Wendy,
Emily


Mlolongo,
5 Aprili 2025

Mama,

Sijapata jibu, natumaini ni kazi ya shamba wala si ugonjwa. Shule zimefungwa. Wendy ameomba kuja Kola na sikuwa na sababu ya kumkataza. Erastus atamfikisha mpaka mlangoni. Huwa anakula kila kitu isipokuwa maziwa mala.

Mama Wendy


Kola,
23 Aprili 2025

Emily,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, na mtoto hajambo. Mala amekunywa, alikuwa anakudanganya.

Nakuandikia akiwa bado hapa kwa sababu kuna jambo limetokea na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Siku ya pili alisimama uani akaanza kucheza ile kilumi yenu ya simu. Nilikuwa napepeta kunde. Emily, ilikuwa kama mtu anayefukuza nyuki. Nilicheka mpaka kunde zikamwagika. Akasimama, machozi yakamjaa, akaniandikia kwa kijiti mchangani: "Si basi unionyeshe." Nikataka kumwambia hapana. Lakini mabega yangu yalishamjibu. Niliyahisi yakitikisika, yale yale, kama hayajakaa miaka arobaini bila kazi.

Nitakueleza kwa nini niliacha. Si kanisa lililoniachisha. Kabla ya Ndunda nilikuwa na msichana, Kavata. Alikuwa wa miaka minne akashikwa na homa. Tulimpeleka zahanati, akarudi vile vile. Mama yangu alikuwa mpiga ngoma, akakusanya wanawake, na tukacheza kilumi ya Kavata kutwa nzima. Mimi nilicheza kuliko wote. Sijawahi kucheza vile. Jua likizama, mama yangu akainua mkono kunisimamisha, na nilipotazama mkeka nikaona mtoto ameshaenda. Ameenda mimi nikicheza. Baada ya hapo ngoma ikilia hata mbali nilikuwa nafunga dirisha. Kanisani nilipata mahali pa kukaa nikiwa nimetulia. Kwa hivyo ulipoinua miguu pale kaburini, sikuona harusi tu. Niliona mkeka.

Basi. Nimempeleka Wendy kwa Ndanu, ng'ambo ya mto. Ndanu tulikuwa tunapiga pamoja tukiwa wasichana, na ngoma yake bado iko, ngozi nzima. Niliogopa sitaweza kwa vile sisikii. Ndanu akaikalia, akapiga, na nikaisikia kwa nyayo. Inapanda magotini, inakuja mpaka hapa kifuani. Hakuna kitu kingine duniani ninachosikia sasa isipokuwa hicho. Tulirudi kila alasiri.

Mzee ameona vumbi miguuni mwetu. Akina mama wa kanisa nao wameona. Wavinya, makamu wangu, alinisalimia Jumapili kwa vidole viwili.

Mwambie Mutunga watoto wacheze taratibu. Wasitabasamu ovyo. Na wacheze kwa duara.

Susu wa Wendy


Kola,
18 Mei 2025

Emily,

Sitauliza habari yako kwa sababu nimeiona.

Jumanne Erastus alinionyesha video. Wasichana wako wa Mlolongo wako kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, wamevaa ngozi za plastiki, na wageni wanakula kuku. Wanatikisa mabega. Si mabega ya video za kwanza. Ni ya mama yangu. Wendy aliyatoa hapa kwangu, akakupa, na wewe umeyapeleka yakachezewe mbele ya sahani. Katikati anaruka huyo Antony wako kama chura.

Nilikueleza habari za Kavata. Sijamwambia mtu mwingine aliye hai isipokuwa Mzee na Ndanu.

Acha.

Munyiva


Mlolongo,
25 Mei 2025

Mama,

Habari. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili imeniumiza.

Ni kweli. Meneja alisema ngoma zetu ni zile zile, nikawapa wasichana yale mabega. Nilidhani watu wakiyaona watayapenda. Na waliyapenda, mama mmoja wa Kimarekani alilia. Lakini ungeniuliza kabla ya kuniandikia kama mwizi.

Acha na mimi niseme. Mabega hayo mlikuwa mmeyafungia ndani miaka arobaini. Ndanu akifa na wewe ukifa, ni nani angeyajua? Ndunda aliyasikia kama hadithi tu. Wasichana wangu wa Mlolongo, wawili kati yao ni Wakamba, walikuwa hawajui kwamba Wakamba wana mabega. Sasa wanajua.

Nikicheza kaburini, naingizwa jikoni. Kanisani mnasema ni ya mizimu. Shuleni unasema si ya watoto. Hotelini unasema si ya sahani. Mutunga naye ameambiwa na waandalizi iwe fupi, duara lifunguliwe, watoto waangalie majaji. Kila mtu ana mahali ambapo isichezwe. Basi ichezwe wapi, Mama? Niambie. Mimi nitaenda hapo.

Emily


Kola,
30 Juni 2025

Emily,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umerudi salama kutoka Mombasa na ngozi zenu.

Wendy ameniambia kwamba hoteli iliwapeleka huko siku hiyo hiyo ya mashindano, na kwamba ulilia kabla ya kupanda gari. Sitaongeza neno juu yake. Nakuandikia ujue mambo yalivyoenda, maana mtoto atakueleza nusu.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ajili yako. Nilimwambia Mzee naenda Machakos kununua dawa ya mbuzi, na nilinunua, lakini kwanza nilipita kwenye ile shule yenye ukumbi wa mashindano. Nilikaa nyuma kabisa. Watoto waliingia wamefunga leso, wakapanga mstari, wakaangalia majaji, wakatabasamu kama Mutunga alivyoambiwa awafundishe. Wendy alipiga ngoma. Ukumbi una sakafu ya saruji, sikusikia chochote. Niliona tu midomo na mabega. Walicheza vizuri. Ilikuwa kama kutazama watu wakila nyuma ya kioo.

Hawakushinda. Jaji mmoja aliandika kwamba ngoma ni nzuri ila imepoa, haina burudani. Mutunga alinionyesha karatasi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka, yeye ndiye alitaka waweke duara na akakataliwa. Watoto walikuwa wanalia nyuma ya jikoni ya shule, pale kwenye mchanga.

Wendy aliponiona hakunikimbilia. Aliburuta ngoma mpaka kwangu akaniuliza, nikamsoma midomo: "Susu, ndiyo imekwisha hivyo?"

Nikamwambia haijaanza.

Nikavua viatu. Nikamwambia Wendy akalie ngoma, apige taratibu, asimwangalie mtu. Mchanga ukanipa yote. Wasichana wakaja mmoja mmoja, duara likajifunga. Mwanamke wa mahindi ya kuchemsha alikuwa anatazama, nikamvuta mkono, akatua beseni akaingia. Wapishi wakatoka. Watoto wa shule nyingine wakaja na simu zao mkononi, nikawaambia, "Weka hiyo, ingia." Wengine waliingia. Mutunga aliingia na tai yake. Sijui tulicheza kwa muda gani, lakini niliona jaji mmoja kwenye ngazi, amesimama na chai, na baadaye nikaona kikombe ngazini na yeye hayuko pale, yuko kwetu.

Kavata alinijia. Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka. Alikuja akawa hapo, na nikaendelea kucheza.

Sasa, habari za nyumbani. Video waliyopiga wale ambao hawakuingia iko kila mahali. Wavinya na wengine walikuja Jumapili baada ya misa wakaniandikia kwenye karatasi kwamba mwenyekiti hawezi kuwa mtu wa kilumi. Nikawapa funguo za stoo. Nilidhani nitalia, na badala yake nilikuwa na njaa. Mzee alikuwa amekaa nje. Akaniandikia kiganjani kwa kidole, kama tunavyofanya: "Umechoka?" Nikasema sijachoka. Akaandika: "Basi pika."

Jambo moja, Emily. Siku ya mazishi ulikuwa unaimba. Wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima na sikukusikiliza. Ulikuwa unasema nini?

Mama


Mlolongo,
13 Julai 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa Mzee. Tuko wazima. Wendy analala na ngoma kando ya kitanda tangu arudi kutoka mashindano, jirani wa chini amelalamika na sijamlaumu.

Nilikuwa nasema: twende polepole, mume wangu, barabara ni ndefu na mimi nitakufikisha mpaka mahali ninapoweza. Ni hayo tu. Yanarudiwa rudiwa.

Nilipofika Mombasa niliwaambia wasichana wavue zile ngozi. Wakacheza na leso. Meneja hakupenda, na tuliporudi akasema atatafuta kikundi kingine. Antony ameenda na hicho kikundi kingine, pamoja na nusu ya vijana wangu. Simchukii. Anapenda kuruka, na huko ataruka. Lakini nimekaa hapa ukumbini na viti vitupu na sijui kama nimefanya jambo la maana ama nimefunga mlango wangu mwenyewe.

Wanawake wa viwandani hawajaondoka. Wameona ile video ya Machakos. Jana mmoja wao, Mkisii, ameniambia, "Huyo nyanya, mlete." Mama, Agosti shule zikifungwa, uje. Sakafu ya ukumbi ni ya saruji, lakini nyuma kuna uwanja wa udongo ambapo madereva wa malori huegesha. Jumapili huwa wazi.

Mkaza mwanao,
Emily


Kola,
14 Septemba 2025

Emily mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilifika salama. Mzee hakukonda kama nilivyoogopa, kumbe alikuwa anapikiwa na jirani na hakusema. Mbuzi mmoja amezaa.

Siwezi kukaa. Nakuandikia hii nimeinuka tayari mara mbili, mara nimeenda kuangalia kuku, mara sijui nimeenda kuangalia nini. Nikiwa kwako nilidhani ni kelele za Mlolongo zinazonikosesha utulivu, na mimi mwenyewe sizisikii! Sasa niko Kola penye kimya na miguu ni ile ile. Nakumbuka zile Jumapili katikati ya malori. Yule dereva Msomali aliyeshuka kutuambia tumpishe, akakaa mpaka jioni. Wanawake wako wakiniandikia maneno kwenye mikono yao ili nisome. Na wewe siku ya mwisho ukachanganya isukuti yako ndani ya ngoma ya Wendy, nikataka kukukemea, halafu nyayo zikaniambia ninyamaze.

Uliniuliza ichezwe wapi. Sina jibu la Kenya nzima. Nina la hapa. Mimi na Ndanu tumeanza kucheza kila Alhamisi alasiri, pale kwake ng'ambo ya mto, mchana mweupe, mlango wazi. Wiki ya kwanza tulikuwa wawili. Ya pili wakaja wasichana wa sekondari, wamesikia kwa Wendy.

Alhamisi iliyopita nikainua macho nikaona wanawake wa kanisa wamesimama kwenye ua, Wavinya mbele, na kiondo chake. Ndanu akaacha kupiga. Nilijua walichokuja kufanya. Walikuja kuona, wapate la kusema Jumapili. Mwanzoni nilitaka kuingia ndani nijifiche, sitakudanganya. Nikatembea mpaka kwenye ua nikawaambia, kwa sauti ambayo siisikii na Ndanu anasema ilikuwa kubwa mno:

"Hapa hakuna kutazama. Ingia ama uende nyumbani."

Wawili wakageuka wakaenda. Wavinya alibaki. Alisema kitu, sikukishika, midomo ilikuwa inatetemeka. Nikamwonyesha Ndanu apige. Nilihisi ngoma inapanda kutoka chini, na nikarudi kwenye duara bila kumwangalia tena, kwa sababu hiyo ndiyo sheria.

Nilipozunguka mara nyingine, kiondo chake kilikuwa kimewekwa kando ya ua, na Wavinya alikuwa ameinama, anafungua viatu.

Mama